Kuchagua Mahali pa Kupiga Kambi

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana. Tunaichapa kama alivyoisoma, kwa ombi la wengi waliokuwapo.)



Halmashauri iliponiandikia iliniomba nizungumze kwa muda wa nusu saa juu ya jambo lolote lenye faida kwa vijana. Najua wengi wenu mlitazamia nizungumze habari za mabenki na mikopo, maana hiyo ndiyo kazi iliyonilisha kwa miaka 31. Mniwie radhi. Leo nitazungumza juu ya mahema.

Sababu yake ni hii. Katika barua ile ile ya halmashauri, ukurasa wa pili, nilisoma kwamba chama chetu kinakusudia kuwapeleka wanafunzi 40 wa shule yetu, pamoja na wajukuu wetu watakaopenda, wakalale katika mahema kwa siku tatu. Kambi itakuwa katika likizo ya Aprili, chini ya Milima ya Ngong, upande wa barabara ya Magadi. Barua ikaongeza kwamba mahali pamekwisha kuonwa, napo ni pazuri, pana mchanga laini na kivuli cha kutosha. Ndugu zangu, niliposoma habari za mchanga na kivuli, na za mwezi wa Aprili, usingizi ulinitoka. Nitawaeleza kwa nini.

Wale wa miaka yangu wanakumbuka kambi ya skauti ya Aprili 1977. Nilikuwa kidato cha tano, kiongozi wa vijana katika kikosi chetu. Tulikuwa wavulana 14 na mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa hajatimiza mwaka katika kazi. Lori la shule lilitushusha alasiri, tukatelemka kwa miguu na mizigo yetu. Mwalimu alirudi na lori hadi madukani kununua mafuta ya taa na unga, akaniambia, "Wewe ndiwe mkubwa. Tafuta mahali pazuri, nikirudi nikute mahema yamesimama. Lakini waulize wenyeji kwanza."

Nilitafuta, nami sikukawia kupata. Palikuwa na korongo pana, kama hatua 30 kutoka ukingo hadi ukingo, kavu kabisa, limejaa mchanga mweupe kama unga. Huko juu ardhi yote ilikuwa mawe na miiba, na upepo ulikuwa ukirusha kofia zetu. Chini kwenye korongo palikuwa tambarare kama meza. Kingo zilikinga upepo, na mgunga mkubwa ulitia kivuli. Vigingi viliingia kwa kusukumwa na mkono. Nilijiona mjuzi, nikawaambia wenzangu tungedhani mahali hapa pametengenezwa kwa ajili yetu. Kumbe pametengenezwa kweli, lakini si kwa ajili yetu.

Kabla ya jua kuchwa alipita mzee mmoja wa Kimaasai na ng'ombe wake. Alisimama akatutazama kwa kitambo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kimaasai chetu hakikuwapo kabisa. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." Hakujibu salamu. Alipiga mchanga kwa fimbo yake, akasema, "Maji. Hapa maji." Kisha akainua fimbo, akaielekeza kwenye vilele vya Ngong, na mwisho akaielekeza juu ya vichwa vyetu, katika matawi ya ule mgunga. Tena akasema, "Maji."

Sisi tulifurahi. Tulijua kwamba watu wa sehemu zile huchimba mchanga wa makorongo wakapata maji ya kunywa na ya kunyweshea mifugo, tukadhani mzee anatuonyesha kisima. Nikamshukuru sana, nikawaagiza wadogo wachimbe. Mzee akatikisa kichwa, akawafuata ng'ombe wake. Nami nilitazama katika matawi pale alipoelekeza fimbo, nikaona mafungu ya majani makavu yamenasa juu, kama kimo cha mtu na nusu. Nikajiambia kwamba ni viota vya ndege.

Mwalimu aliporudi giza lilikuwa limeingia. Aliuliza, "Umewauliza wenyeji?" Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu. Mzee mmoja amesema hapa pana maji." Akaridhika. Tulipika ugali, tukaimba, tukalala.

Sikilizeni jambo hili, maana ndilo wengi hawalijui: usiku ule hapakunyesha hata tone moja mahali tulipolala. Nyota zilikuwa zikiwaka juu yetu. Kwa mbali sana, upande wa milima, tuliona umeme ukimulika mawingu, lakini hata ngurumo hatukuisikia. Tuliufurahia, tukawa tunahesabu mimuliko.

Saa nane ya usiku niliamshwa na sauti niliyodhani ni lori letu linarudi katika barabara ya kokoto. Nikajiuliza dereva amesahau nini. Kisha hema likanyanyuka kutoka chini, nasi ndani yake. Maji hayakuja kidogo kidogo kama yajavyo katika shamba. Yalikuja kwa mara moja, yamebeba matope, mawe na magogo. Maji yafikayo magotini tu, yakienda kwa kasi ile, humwangusha mtu mzima. Haya yalifika kiunoni kabla sijapata mlango wa hema. Nani alimshika nani, nani alipanda ukingo kwa njia gani, hakuna kati yetu awezaye kueleza. Tulipokutana juu, mwalimu alikuwa na tochi moja, akatuhesabu. Akahesabu tena. Tulikuwa 13.

Aliyekosekana alikuwa mtoto wa kidato cha pili. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Mwalimu alitaka kurudi majini mara mbili, tukamshika. Tulikaa juu ya mawe yale yale niliyoyakataa mchana, tumelowa, mpaka kulipopambazuka. Ndipo tulipomkuta, kama hatua 600 chini ya mkondo, amenasa katika mgunga, mkono umevunjika na miiba imemwingia mwili mzima. Alikuwa hai. Yumo humu ukumbini leo. Ameniruhusu niseme habari hii, ila amekataa nimtaje jina, kwa sababu asema wajukuu wake watamcheka wakisikia alilala juu ya mti kama nyani.

Asubuhi ile maji yalikuwa yamekwisha kupungua. Nilitazama ule mgunga tuliofunga kamba zetu. Majani mapya na matambara ya hema letu yalikuwa yamenasa katika matawi, pembeni mwa yale makavu niliyoyaita viota. Hapo ndipo nilipofahamu fimbo ya mzee ilikuwa ikisema nini.

Sasa nafika mahali pagumu, Bwana Mwenyekiti. Tuliporudi shuleni kulikuwa na maulizo. Niliitwa ofisini nikaulizwa kama kuna mwenyeji yeyote aliyetuonya. Nilikuwa na hofu ya kufukuzwa, nami nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu kufika mtihani. Nikajibu kwamba hatukumwona mtu. Basi ikaandikwa kwamba mwalimu hakufanya bidii ya kuwauliza wenyeji, naye akalaumiwa na kuhamishwa kabla ya muhula kwisha. Aliniamini, na alikuwa ameniagiza wazi niulize. Alifariki miaka mingi iliyopita bila kusikia neno hili kutoka kwangu. Ninyi mliobaki mmekuwa mkisema, kila tukutanapo, kwamba ajali ile ilitokana na uzembe wa mwalimu. Haikuwa hivyo. Mwalimu aliagiza sawasawa. Aliyeshindwa ni mimi, kwanza kwa kutosikia, na baadaye kwa kusema uongo. Naomba jambo hili liandikwe katika gazeti letu jinsi nilivyolisema.

Baada ya hayo, nadhani mnaona nina deni. Tangu siku ile sijapita karibu na hema nisitazame limesimama wapi. Nimelala katika mahema na watoto wangu, na sasa na wajukuu, karibu pande zote za jiji hili la Nairobi. Niliyojifunza nitayaeleza kwa maswali manne, maana mahali pa kambi hapachaguliwi kwa kusifiwa. Huchaguliwa kwa kuulizwa.

Swali la kwanza: maji yalipita wapi hapa mara ya mwisho?

Angalieni sikusema, "Kuna maji hapa?" Nimesema, "Yalipita wapi?" Maji huacha barua nyuma yake kwa kila ajuaye kusoma. Mchanga mweupe, laini, uliosawazishwa, ni kitanda cha mto, hata kama mto wenyewe haujaonekana kwa miezi kumi. Majani na vijiti vilivyonasa katika matawi vinakuonyesha kimo cha maji. Mizizi iliyo wazi ukingoni, mawe ya mviringo yaliyolala upande mmoja, mstari wa takataka katika nyasi, zote ni alama. Ukiziona, panda juu yake, kisha panda tena kidogo.

Wala usitazame mawingu ya juu yako tu. Ardhi ya Bonde la Ufa ikikauka huwa ngumu kama sakafu, na mvua kubwa ikianguka juu yake hainywewi, hutelemka yote. Korongo moja dogo hukusanya maji ya milima mizima. Kwa hivyo mtu aweza kufa kwa mvua asiyoiona.

Haya si ya mwaka 1977 peke yake. Huko Hell's Gate, karibu na Naivasha, ndani ya genge lile jembamba ambalo sote tumekwenda kulitazama, vijana wa kanisa walikumbwa na maji ya ghafla mwezi wa Aprili 2012, wakafa watu 7. Mwezi wa Septemba 2019, mahali pale pale, wakafa wengine 7. Na alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalivunja njia yakawakuta watu wamelala majumbani mwao, wakafa zaidi ya 45. Siku mbili baadaye, kule Maasai Mara, mto ulifurika ukaingia katika kambi za watalii kwa wingi, na wageni wakaokolewa kwa helikopta. Hao walikuwa na wapishi, wahandisi na ramani. Mto haukuwauliza.

Miezi yetu ya hatari inajulikana: Machi hadi Mei kwa mvua ndefu, na Oktoba hadi Desemba kwa mvua fupi. Lakini tazameni Septemba ile ya Hell's Gate, haikuwa katika miezi hiyo. Kalenda ni msaada, si mlinzi.

Swali la pili: usiku mahali hapa patakuwaje?

Sisi wote huchagua kambi mchana, jua likiwa kali, na kwa hivyo tunatafuta kivuli. Lakini hema ni la usiku. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, nayo hutelemka bondeni polepole kama maji yafanyavyo. Ukilala chini kabisa ya bonde katika nchi ya juu kama Limuru au Kinangop utaamka umande umekuwa barafu nyembamba juu ya nyasi, na mwenzako aliyelala katikati ya mteremko, hatua mia juu yako, amelala vizuri. Ukilala kileleni nako, upepo utakukomesha. Vilele vya Ngong hufika mita 2,460, na kuanzia mwaka 1993 mitambo ya kufua umeme kwa upepo ilisimamishwa huko. Serikali haikuipeleka mitambo ile mahali pasipo na upepo. Mwenye kupiga hema karibu nayo na atie vigingi virefu, na mgongo wa hema uelekee mashariki, maana aghalabu upepo wetu hutoka huko.

Mahali pazuri, basi, ni kati kwa kati: juu ya njia ya maji na ya hewa baridi, chini ya njia ya upepo, penye mteremko mdogo wa kuondoa mvua lakini usiomviringisha mtu usingizini.

Na kwa kuwa nimetaja baridi, naomba akina mama mliomo humu mnisaidie kulirudia neno hili nyumbani. Mtoto akisikia baridi hemani, apewe blanketi la pili na gazeti kuukuu chini ya godoro. Asiingiziwe jiko la makaa. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu huvutwa na usingizi asiamke tena. Hema lililofungwa vizuri huua upesi zaidi kuliko nyumba.

Swali la tatu: nani mwingine anapatumia mahali hapa?

Kando ya Ziwa Naivasha pana nyasi fupi, nzuri, kama zimekatwa na mtunza bustani. Mtunza bustani huyo ni kiboko. Mchana yumo majini; usiku hupanda kula, naye hufuata njia ile ile aliyoifuata jana na juzi. Ukipiga hema juu ya njia yake umefunga mlango wa mtu mwenye nyumba. Mwezi wa Agosti 2018 mtalii mmoja kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya ziwa hilo. Tena ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na mwaka 2020 Naivasha lilifunika nyumba na viwanja ambavyo watu walivijua kuwa ni nchi kavu. Na mkiona migunga ile yenye magome ya manjano, kumbukeni kwamba mti huo hupenda mahali ambapo maji yako karibu chini ya ardhi. Wageni wa zamani waliusingizia kwamba unaleta homa. Mti hauna kosa. Wenye kosa ni mbu wanaozaliwa katika maji hayo hayo. Ukilala hapo, lala ndani ya chandarua.

Ol Donyo Sabuk, mlima ule wa mita 2,145 tunaouona tukielekea Thika, una msitu mzuri, na ndani ya msitu wamo nyati. Hapo mtu hatafuti mahali kwa akili yake mwenyewe. Hulala pale wanapoonyesha askari wa hifadhi, wala hatembei peke yake. Hata mahali pasipo nyama wakubwa, tazama chini kabla ya kutandika: njia ya siafu, shimo la nyoka, jiwe lenye nge. Kisha tazama juu. Tawi kavu la mkaratusi huanguka hata siku isiyo na upepo, na mti uliosimama peke yake katika uwanda ndio unaoitwa na radi.

Ukienda Olorgesailie, kama kilomita 65 katika barabara ya Magadi, mahali penye mashoka ya mawe ya watu wa kale, swali hugeuka. Huko hofu si wingi wa maji, ni uchache wake. Mimi huhesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, na huchukua ziada ya siku moja kwa ajili ya gari litakaloharibika. Hali kadhalika, mwenye gari na asidanganyike na udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kitengela. Ukikauka ni barabara. Ukinyeshewa ni ulimbo, na vigingi huchomoka kama meno ya mzee.

Swali la nne, nalo ndilo kubwa: mwenyeji amesema nini?

Tulipokuwa vijana tulidhani nchi ile haina mwenyewe kwa kuwa haikuwa na ua. Hata wakati huo ilikuwa na wenyewe. Sheria ya mwaka 1968 iliwaandikisha Wamaasai ardhi yao kwa vikundi, na baadaye vikundi vingi viligawanya mashamba kwa mtu mmoja mmoja. Leo mtakuta seng'enge na malango mahali tulipopita tukiimba. Kumwomba mwenye shamba ruhusa ni heshima na ni sheria. Lakini nasema zaidi: ni uhai. Yeye ndiye aliyeuona mto huo mwaka 1961, mwaka 1997 na mwaka 2024. Ramani haikuuona.

Nako kuuliza kuna namna yake. Usimwulize mzee, "Hapa ni salama?" Mtu mwenye adabu hatakuvunja moyo, atasema ndiyo. Mwulize, "Mzee, wewe ungelala wapi? Mbuzi zako unazilaza wapi wakati wa mvua? Na kwa nini si pale chini?" Kisha nyamaza. Lugha ikiwa ndogo, mtafute mtoto wa shule akutafsirie. Mzee akitikisa kichwa akaenda zake, usiseme amekubali. Mfuate. Laiti ningalimfuata yule mzee hatua ishirini tu, ningalimwuliza ana maana gani kuinyoshea fimbo miti. Mimi nilisikia neno moja nililolipenda, nikaliacha lingine likaenda na ng'ombe.

Ndugu zangu, sasa nirudi kwenye barua ya halmashauri.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda na wenzetu wawili kupaona mahali palipochaguliwa. Nawasifu vijana wa halmashauri, kwa sababu ni mahali pazuri kweli kweli. Ningekuwa kidato cha tano ningepachagua mimi mwenyewe. Pana mchanga mweupe. Pana mgunga. Kingo zinakinga upepo. Nasi tulipotazama juu, tuliona majani makavu yamenasa katika matawi, juu ya vichwa vyetu. Mmoja wa wale wenzangu wawili ni yule aliyelala juu ya mti mwaka 1977. Alisimama chini ya tawi lile akainua mkono wake, ule uliovunjika, na hakuweza kuyafikia majani.

Tulimtafuta mwenye shamba, mama mmoja mwenye umri kama wetu, akatupa chai. Tulimwuliza mbuzi zake hulala wapi wakati wa mvua. Akatupeleka juu, kwenye kimgongo cha mawe madogo. Tulihesabu hatua 280 kutoka korongoni. Hapana kivuli cha maana, itatupasa kufunga maturubai. Maji ya kupikia yatachukuliwa kwa gari. Vigingi vitahitaji nyundo, na watoto watalalamika juu ya mawe migongoni. Lakini mama yule asema tangu aolewe pale hajaona maji yakifika huko, na mbuzi zake ziko hai.

Kwa hivyo naleta maombi mawili mbele ya mkutano huu. La kwanza, kambi ihamishwe ipelekwe juu kwenye kile kimgongo. La pili, iondolewe katika likizo ya Aprili, iwekwe Agosti. Agosti ni baridi, najua, na kila mtoto atahitaji mablanketi mawili. Mimi nitachangia mablanketi 20, na yule mwenzetu wa mtini ameahidi maturubai.

Najua kadi zimekwisha kupigwa chapa, na kwamba gari limekwisha kukodiwa kwa tarehe ile. Kadi hupigwa tena. Nimewahi kukaa juu ya mawe usiku kucha nikimsikiliza mwalimu akihesabu watoto, akifika 13 na kuanza upya. Sipendi kijana yeyote wa halmashauri yetu, aliyefanya kazi yake kwa moyo mwema kama nilivyofanya mimi, aje aisikie hesabu ile.

Na watakapofika huko juu, naomba jambo moja dogo. Kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza, watoto wote watelemshwe mpaka korongoni mchana, wasimame chini ya mgunga, waonyeshwe yale majani yaliyonasa, na waambiwe kwamba si viota. Waambiwe pia kwamba palikuwa na mwalimu mmoja aliyeagiza wenyeji waulizwe.